Upinde wa Kwanza: Rikavu, Upinde Mrefu au Upinde wa Farasi?

Anayetaka kuanza kupiga upinde kwa njia ya jadi, yaani bila kifaa cha kulengea wala magurudumu ya kupunguza uzito wa kuvuta, hukwama mapema. Madukani kuna pinde za kila umbo, kila muuzaji husifia zake, na mara nyingi hakuna jirani wa kumwazima ajaribu kwanza. Tatu ndizo zinazowatatiza zaidi wanaoanza: rikavu, upinde mrefu na upinde wa farasi. Hakuna ulio bora kwa wote. Kuna unaofaa mwili ulio nao, mahali unapoishi na sababu iliyokuvuta kwenye mchezo huu.

Rikavu ni upinde ambao ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele, upande wa shabaha, na ugwe ukishatiwa hulalia mikunjo hiyo. Kwa sababu ya mkunjo huo, upinde huweka akiba nguvu nyingi zaidi kuliko upinde ulionyooka wenye uzito uleule. Upinde mrefu umenyooka au una mkunjo mdogo tu, na ugwe haugusi popote isipokuwa kwenye ncha unapofungiwa. Upinde wa farasi ni mfupi, wa ukoo wa pinde za Waturuki, Wamongolia, Wakorea na Wahungaria, wenye ncha ngumu zisizopinda zinazoelekea mbele. Kwa umbo huo nao ni aina ya rikavu, ila unashikwa na kuvutwa kwa namna tofauti kiasi kwamba unastahili kupimwa peke yake.

Nitazipima kwa mambo sita: kama uzito unaweza kupanda kadiri unavyopata nguvu, unavyokaa mkononi na unavyolenga, unavyoyapokea makosa ya mwanafunzi, mishale unayoidai, unavyostahimili joto, unyevu na safari, na mwisho bei, walimu na mashindano. Lakini kuna jambo linalotangulia yote sita, na linahusu pinde zote tatu.

Kabla ya umbo, uzito

Wengi wanaoacha mchezo huu hawaachi kwa sababu walichagua umbo baya. Wanaacha kwa sababu walinunua upinde mzito. Upinde usioweza kuuvuta na kutulia nao hukufundisha kuharakisha: unaachia mshale kabla mkono haujafika mahali pake, bega linapanda, na baada ya wiki chache mwili umeshika tabia ambayo itachukua miezi kuiondoa.

Namba iliyoandikwa kwenye upinde, tuseme ratili 30 kwa inchi 28, ina maana kwamba ukivutwa hadi inchi 28 unadai nguvu ya ratili 30 (wengine husema pauni). Asiyefika inchi hizo atapata pungufu, na anayezipita atapata zaidi, kama ratili 2 hadi 3 kwa kila inchi. Kukadiria urefu wako wa kuvuta ni rahisi: nyosha mikono yote miwili kando, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kile kingine, kisha gawanya kwa 2.5. Mwenye inchi 70 atavuta takriban inchi 28.

Mtu mzima mwenye afya aanzie kati ya ratili 20 na 30; kijana anayebalehe, 15 hadi 20. Anayebeba vyuma kila siku asijione yumo katika kundi jingine, kwa kuwa kazi hii hufanywa zaidi na misuli ya mgongo, ile iliyo kati ya mabega, ambayo wengi hatuitumii kwa namna hiyo. Kipimo ni hiki: weka mshale, elekea shabaha, vuta mpaka mkono utue usoni kwenye kituo chake, hesabu hadi kumi polepole, kisha rudisha taratibu bila kuachia. Ukitetemeka, au bega la mkono ulioshika upinde likipanda kuelekea sikioni, upinde huo ni mzito kwako kwa sasa.

Ni kweli kwamba pinde zilizoopolewa kwenye mabaki ya meli ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, zimekadiriwa kuwa na mvuto wa ratili 100 hadi 185. Waata wa Tsavo nchini Kenya nao waliwinda tembo kwa pinde zilizopita ratili 100. Watu hao walianza wakiwa watoto, na waliongezewa uzito kadiri mifupa yao ilivyokomaa. Heshima tunayoweza kuwapa ni kufuata mpangilio huo huo wa kupanda ngazi, tusirukie mwisho wake.

Uzito unaopanda pamoja nawe

Hapa rikavu inaongoza, mradi iwe ile ya vipande vitatu. Ina kishikio cha kati na mabawa mawili yanayofungwa kwa skrubu au kupachikwa. Unaanza na mabawa ya ratili 25. Baada ya miezi kadhaa unanunua mabawa ya 30 na kuyafunga kwenye kishikio kilekile. Samick Sage, upinde wa Kikorea wa inchi 62, ulipata sifa miongoni mwa wanaoanza kwa sababu hiyo hiyo: mabawa yake yalipatikana kuanzia ratili 25 hadi 60, kwa hatua za tano tano, kwa bei ya kawaida. Kuna pia mfumo wa kupachika uitwao ILF, ambao mabawa ya kiwanda kimoja hukubali kishikio cha kiwanda kingine. Kishikio cha inchi 25 pamoja na mabawa ya urefu wa kati hutoa upinde wa inchi 68, saizi inayowatosha watu wazima wengi.

Rikavu ya kipande kimoja ni habari nyingine. Chukua mfano wa Bear Grizzly wa inchi 58: mwembamba, mtulivu, mbao zake zinapendeza macho. Lakini uzito ulionunua ndio utakaobaki nao. Tena ni mfupi, na upinde mfupi hubana vidole pembeni mwa mshale ugwe unapokunjika, hasa kwa mwenye mikono mirefu. Ningeuweka uwe upinde wa pili, baada ya kuujua uzito wako.

Upinde mrefu kwa kawaida ni kipande kimoja. Ipo ya vipande viwili inayounganishwa kwenye mpini, ila hiyo ni kwa urahisi wa kubeba, kwani mabawa mapya hayauzwi peke yake. Upinde wa farasi pia haubadilishwi. Kwa hizi mbili, kupanda uzito ni kununua upinde mwingine. Si hasara kubwa kama inavyosikika: upinde mwepesi haupotezi kazi, utautumia kujipasha misuli, kurekebisha mtindo na kumfundishia mwanao.

Mkononi na machoni

Kishikio cha rikavu ni kizito na kimechongwa kufuata kiganja, kwa hiyo mkono hujikuta mahali palepale kila mara. Kimekatwa dirisha pembeni, na mshale hupita karibu na katikati ya upinde. Unavuta kwa vidole vitatu, ama kimoja juu ya mshale na viwili chini, ama vyote vitatu chini. Mtindo wa vyote chini huleta mshale karibu na jicho, na anayeanza huona mapema ncha ya mshale inaelekea wapi. Wengine hulenga kwa ncha hiyo, wakijifunza ni kiasi gani iwe chini ya shabaha kwa kila umbali. Wengine hutazama shabaha tu na kuuacha mwili ujipangie. Rikavu hukubali njia zote mbili bila kinyongo.

Upinde mrefu ni mwepesi kubeba na haukuelekezi sana. Mpini wake ni wa kawaida, mara nyingi umezungushiwa ngozi, na ni juu yako kupata mshiko uleule kila mara. Wa mtindo wa Kimarekani una sehemu ndogo iliyokatwa ya kulaza mshale. Wa Kiingereza wa kale hauna, na mshale hulala juu ya kidole chako, hivyo glovu ya mkono wa upinde inafaa. Mvuto wake ni wa vidole vitatu. Ukiachia, utauhisi ukishtuka mkononi, zaidi kuliko rikavu. Mshale mzito hupunguza mshtuko huo. Wapo wanaouchukia na wapo wanaosema wanapouhisi ndipo wanapojua wamepiga upinde.

Upinde wa farasi unakutaka ujifunze mkono upya. Asili yake ni kuvutwa kwa kidole gumba, kikiwa kimevaa pete ya pembe, mfupa, chuma au ngozi, na kidole cha shahada kikikifunga kwa juu. Mpigaji wa mkono wa kulia huweka mshale upande wa kulia wa upinde, kinyume na anayevuta kwa vidole vitatu, ambaye huuweka kushoto. Mshale unalala juu ya gumba la mkono ulioshika upinde. Kituo cha mkono kinaweza kuwa nyuma ya sikio. Watu huununua upinde huu kisha wakauvuta kwa vidole vitatu. Inawezekana kwa ile mirefu kidogo, lakini ule wa inchi 50 utakubana vidole mpaka uchoke. Ukiutaka upinde huu, utake na gumba lake, na uanze hivyo tangu siku ya kwanza.

Unavyoyapokea makosa

Rikavu ndefu yenye kishikio kizito hutulia. Mkono ukicheza kidogo wakati wa kuachia, uzito ule hukataa kuyumba haraka, na mishale hukaa pamoja mapema kuliko kwa pinde nyingine. Hilo linatia moyo. Udhaifu wake uko kwenye mabawa: ni mapana na membamba, na ukitia ugwe kwa kuupitisha upinde katikati ya miguu na kuusukuma kwa paja, unaweza kuyapotosha. Nunua kamba maalumu ya kutilia ugwe pamoja na upinde. Ni ya bei ndogo na inaokoa mabawa.

Upinde mrefu husamehe mambo ambayo rikavu fupi haisamehi. Urefu wake, mara nyingi inchi 66 na zaidi, unalainisha mvuto na kuvipa vidole nafasi, na mabawa yake ya unene wa kutosha hayapotoki kirahisi. Lakini mkono wa upinde ukiwa legelege, kila mshale utakwenda njia yake. Tarajia kundi pana la mishale kwa muda mrefu zaidi. Asiyekuwa na subira ya kuona matokeo polepole atateseka.

Upinde wa farasi ni mwalimu mkali kuliko wote. Ni mwepesi, mfupi, hauna dirisha, na kila mtikisiko wa mkono huonekana kwenye mshale. Katika mtindo wa gumba kuna hata mzunguko mdogo wa mkono wa upinde wakati wa kuachia, uitwao khatra, unaousaidia mshale kupita bila kugusa. Ukiufanya vibaya unaharibu shabaha kuliko kutoufanya kabisa. Faida yake ni kwamba anayevumilia hapo hupata mikono mepesi na kasi ya kupachika mshale ambayo wengine hawaifikii.

Kosa moja hakuna upinde unaolisamehe: kuvuta na kuachia bila mshale. Nguvu yote ambayo ingekwenda na mshale hurudi kwenye mabawa, na yanaweza kupasuka mikononi mwako. Usimruhusu mgeni wa nyumbani afanye hivyo hata kwa kuonja.

Mishale

Wengi hutumia muda wao wote kuchagua upinde kisha wakanunua mishale yoyote. Mshale unapoachiwa hupinda na kujinyosha unapouzunguka upinde, na uti wake lazima uwe na ugumu unaolingana na uzito wako wa kuvuta na urefu wa mshale. Kwa uti wa kaboni, namba kubwa ina maana ya uti laini zaidi, na hilo huwachanganya wengi. Uti mgumu kupita kiasi, kwa mpigaji wa mkono wa kulia wa vidole vitatu, hupeleka mishale kushoto hata kama mtindo wake ni sahihi.

Rikavu, kwa kuwa mshale hupita karibu na katikati, huvumilia tofauti kubwa zaidi ya ugumu. Unaweza kutumia mbao, alumini au kaboni. Ukilaza mshale moja kwa moja kwenye mbao za kishikio, tumia manyoya halisi ya ndege, kwa sababu hujikunja yanapopita. Manyoya bandia ya plastiki hugonga na kurusha mshale pembeni. Upinde mrefu una uchaguzi finyu zaidi wa ugumu, na anayetaka kushindana katika kundi la upinde mrefu chini ya World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, atatakiwa kutumia mishale ya mbao. Upinde wa farasi ndio unaochagua zaidi: hauna dirisha kabisa, kwa hiyo uti wake kwa kawaida ni laini zaidi, na manyoya hupita juu ya ngozi yako. Hakikisha mwanzo wa kila unyoya umefungwa kwa uzi au kufunikwa gundi laini, la sivyo utakuchana mkono.

Kwa zote tatu usitumie mshale mwepesi mno. Greni 8 hadi 10 kwa kila ratili ya mvuto ni kiwango kizuri kwa pinde za jadi. Ratili moja ina greni 7,000, na mizani ndogo ya sonara inatosha kupimia. Mishale ya kaboni ikunje kidogo na uikague kabla ya kupiga, maana iliyopasuka inaweza kuvunjika wakati wa kuachiwa na kuingia mkononi.

Joto, unyevu na safari

Pinde nyingi za leo zimetengenezwa kwa tabaka za mbao na faibaglasi zilizogandishwa kwa gundi. Adui wa gundi ni joto. Gari lililofungwa kwenye jua la Dar es Salaam au Muscat linaweza kuachanisha tabaka hizo, hasa upinde ukiwa na ugwe. Toa ugwe baada ya mazoezi, na usiegemeze upinde ukutani.

Rikavu ya vipande vitatu inaingia kwenye begi la kawaida, na kwa anayesafiri kwa basi au ndege hili ni jambo kubwa. Upinde mrefu unadai mfuko mrefu, na kwenye matatu utakuwa mtihani kwako na kwa wenzako. Upinde wa farasi ni mfupi na hauna tatizo la kubeba, ila uangalie umetengenezwa kwa nini: wa faibaglasi hauhitaji matunzo makubwa, lakini ule wa asili wa pembe, kano na gundi ya wanyama huchukia unyevu. Sishauri mtu wa Mombasa au Zanzibar auanzie.

Bei, walimu na mashindano

Rikavu ya kuanzia ya vipande vitatu hupatikana kwa takriban dola 100 hadi 200 bila usafirishaji. Upinde wa farasi wa faibaglasi hukaribia bei hiyo. Upinde mrefu mzuri mara nyingi huzidi, kwa kuwa wengi hutengenezwa na mafundi mmoja mmoja. Weka akiba ya fedha za mishale isiyopungua sita, kinga ya mkono, glovu au kinga ya vidole, na kizuizi kinene nyuma ya shabaha. Jumla yake inaweza kukaribia bei ya upinde wenyewe.

Walimu wengi zaidi wanaijua rikavu, kwa sababu ndiyo ya Olimpiki, ambako hupigwa mita 70 kwa shabaha ya upana wa sentimita 122. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Michezo ya Rio mwaka 2016, ni mpigaji wa rikavu hiyo, yenye kifaa cha kulengea na vidhibiti. Kati ya jadi na Olimpiki kuna kundi la upinde mtupu usio na kifaa cha kulengea: sharti upinde usiotiwa ugwe, pamoja na vyote vilivyofungwa juu yake, upite kwenye pete ya sentimita 12.2. Mwenye rikavu ya vipande vitatu anaweza kuhamia huko bila kujifunza upya. Upinde mrefu una makundi yake katika mashindano ya porini na ya shabaha za sanamu za wanyama. Upinde wa farasi una mila hai: Korea hupiga shabaha iliyo mita 145, na upigaji wa jadi wa Kituruki uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2019. Walimu wa gumba, hata hivyo, ni wachache Afrika Mashariki, na wengi hujifunza kwa video.

Anayeota uwindaji ajue sheria ya mahali alipo kabla ya kununua. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977.

Kwa hali yako

Kama huna mwalimu wala upinde wa kuazima, na hujui utafika wapi, chukua rikavu ya vipande vitatu, inchi 62 hadi 68, yenye mabawa mepesi kuliko unavyodhani unahitaji. Vivyo hivyo kama una ndoto ya klabu au ya Olimpiki. Hapo ongeza kidogo upate kishikio cha ILF. Familia ya watu watatu wenye nguvu tofauti nayo inaweza kushirikiana kishikio kimoja kwa jozi tofauti za mabawa.

Kama raha yako ni msituni na shambani, kutembea na upinde usiokuchosha mkono, na hujali kundi la mishale kuchelewa kukusanyika, upinde mrefu wa Kimarekani utakupa furaha miaka mingi. Mwenye mikono mirefu pia hupata nafuu kwake. Mwenye kifundo cha mkono au kiwiko kinachouma aanze na rikavu, kwa ajili ya ule mshtuko.

Kama umevutwa na farasi, na historia ya Waturuki na Wamongolia, au na sifa ambayo kupiga mishale kumepewa katika hadithi za Mtume, basi usijilazimishe kupitia rikavu kwanza. Tabia za vidole vitatu hazitakusaidia sana kwenye gumba, na hamu yako ndiyo itakayokubakiza mazoezini. Tafuta upinde wa faibaglasi wa ratili 20 hadi 25, pete ya ngozi laini, na upige kwa hatua tano kutoka kwenye shabaha pana mpaka mkono uzoee.

Na kama kuna klabu inayoazimisha pinde karibu nawe, usinunue bado. Lipa ada, piga zao kwa miezi miwili au mitatu, mwombe mwalimu akupime urefu wa kuvuta mwanzoni na tena mwishoni, kwa sababu mtindo ukinyooka urefu huo huongezeka, na mishale uliyoikata fupi haiwezi kurefushwa.